Sindano ya Mpiga Picha

Mpiga picha hamwachii mtu kamera zake tatu, na pa kuziweka haulizi ila sindano. Kila asubuhi huining'iniza kwenye uzi, akapita nayo chumba kwa chumba, vidole vimetulia tuli, huku mwanawe na mkwe wake wakimpisha kama wanaopisha sufuria ya moto. Sindano ikigeuka, husema, "Hapa pana sumaku, itaziharibu," na kamera zinahama. Zilihama sebuleni kwa ajili ya televisheni, zikahama jikoni kwa ajili ya friji, na sasa zimo kwenye kabati chumbani kwake, kila moja imevishwa fulana kuukuu.

Jumamosi mwanawe alileta spika mbili ndefu kama mlango, akaziegemeza sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na chumba hicho. Mama akaingia chumbani na uzi wake. Karibu na kabati, sindano iligeukia ukutani, ikaganda.

"Ziondoe."

"Mama, hizo kamera hazijapiga picha miaka kumi."

"Na wewe nilikubeba huna hata jino moja."

Mkwe alikohoa kuficha kicheko. Mwana, uso umemshuka, akawasha muziki, akaupandisha makusudi.  Mama aliburuta kitanda mpaka kwenye ukuta wa spika, kabati akalisukuma hadi kona ya mbali kilipokuwa kitanda, akapima tena. Sindano ikatulia. Kisha akajilaza, ukuta ukimtetemesha mgongo.

"Ongeza," aliita kupitia mlango ulio wazi. "Mimi siharibiki."