Hajambo, Ila Hasemi

Wiki jana, pale zahanati ya Likoni, nesi alitukusanya barazani sisi vikongwe atufundishe dalili za ugonjwa wa ghafla. "Mtu akipinda mdomo au ulimi ukamkwama, msingoje. Semeni upesi!" Tukaitika "Abee!" kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, huku tukifinyana na kucheka.

Mara akaingia jirani yangu wa Timbwani, leso kaivaa nje ndani. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Huyu leo kagombana na mumewe."

Tukamsalimu kwa zamu, naye akatuitika mmoja mmoja. Hujambo? Sijambo. Wajukuu? Hawajambo. Na kijana aliyeko vitani Bama, kupigana na Wajapani? Salama.

"Na mzee je?" nikauliza, nipate umbea.

"Hajambo, alhamdulillahi," akasema. "Ila tangu alfajiri hasemi, na mdomo umekwenda upande."

Nesi akanyakua mkoba akatoka mbio, bibi wa watu nyuma yake. Mmoja wetu akanung'unika, "Hata kuaga hakuaga." Adabu tunayo, wasomaji wangu, tena ya kumtosha na maiti.

Jana nilikwenda kumtazama mzee. Nikasema shikamoo, nikangoja marahaba. Akanitazama tu, nami nikainamisha macho.