Kengele Iliyomwagiwa Mafuta ya Upako

Siku waombolezaji wa mwisho walipoondoka, kengele ya mlango wetu ililia. Nikafungua.

Hapakuwa na mtu.

Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, ikalia tena. Patupu. Siku ya tatu nilisubiri nikiwa nimeshika kitasa kabisa. Ilipolia tu, nikafungua.

Hata paka hakuwepo, ndugu zangu.

"Huyo ni baba yenu," mama akasema kwa utulivu, akaenda zake jikoni kunywa maji.

Baba alikuwa fundi umeme. Haamini hata swichi aliyoizima mwenyewe mpaka aguse waya kwa testa. Sasa eti amekufa, ndipo ameanza kubonyeza kengele na kukimbia kama mtoto mtukutu.

Shangazi, dada yake baba, alipopata habari alifika hata viatu hajafunga vizuri.

"Huyo ni pepo! Amevaa sura ya kaka yangu."

"Sura gani, shangazi? Mlangoni hakuna mtu."

"Ndiyo ujanja wake!"

Hoja ya namna hiyo, ukibishana nayo unaumwa kichwa bure.

Lakini na mimi nilikuwa na yangu. Nilimaliza sekondari, kwa hiyo katika ukoo wetu mimi ndiye idara ya sayansi. Nikachukua testa ya marehemu, nikapima soketi zote, swichi zote, hadi waya wa pasi.

"Haya, Profesa, testa inasemaje?" shangazi akauliza.

"Nyaya ni nzima."

"Pepo hawashi taa ya testa, mwanangu."

Kupanda ngazi nikafungue kiboksi cha kengele chenyewe, kile cha betri juu ya mlango, sikuwaza. Sisi wasomi hatuanzii mahali rahisi.

Jumamosi asubuhi shangazi akamleta Mtumishi wa Mungu kutoka kanisani kwake. Mtumishi akaikemea kengele mpaka sauti ikamkauka. Kengele haikujibu, maana saa yake ilikuwa bado. Mwishowe akapanda kiti, akamimina chupa nzima ya mafuta ya upako kupitia matundu ya kiboksi.

Jioni ikawa kimya.

Haleluya zilizopigwa pale! Mtumishi akatangaza kwamba mama amefunguliwa kila kifungo, hadi presha. Idara ya sayansi ikatafuta pa kuweka uso.

Hazikupita wiki mbili, mama akaanguka jikoni.

Kwenye kituo cha afya, nesi alimfunga mkanda wa kupimia, akakunja uso. "Mama, dawa za presha umeacha tangu lini?"

Nikajiandaa kumlaani Mtumishi.

"Tangu kengele iliponyamaza," mama akajibu.

Nesi akanigeukia mimi. "Kengele gani tena?"

Walimlaza. Nikarudi nyumbani, nikaweka ngazi, nikafungua kiboksi.

Ndani, kikiogelea kwenye upako, kulikuwa na kisaa cha mezani kilichounganishwa na kengele kwa nyaya mbili. Nyaya zimefungwa tepu, na ncha ya tepu imekunjwa kidogo. Ni baba tu aliyekuwa akikunja ncha hivyo. "Ili fundi atakayekuja asihangaike na kucha," alikuwa akisema.

Fundi aliyekuja ni mimi. Nililia juu ya ngazi, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake nikaketi kando ya kitanda cha mama na ugunduzi wangu.

"Mama, hakuwa pepo, wala hakuwa baba. Ni saa. Aliitega kabla hajalazwa, ikukumbushe dawa; siku za msiba tulidhani ni wageni."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Shangazi yako anakemea, wewe unapima pasi. Mimi nilisema ni baba yenu. Kwani si yeye?"

"Lakini dawa ungeweza kunywa hata bila kengele."

Akalainisha shuka kwa kiganja.

"Iliponyamaza," akasema, "nilijiambia basi, amechoka kuniita."

Nilifuta mafuta yote, nikaweka betri mpya. Inalia kila jioni, na mama anaenda jikoni kunywa maji yake. Shangazi anasema pepo amerudi na wenzake saba.

Funzo nililobaki nalo ni dogo. Kabla hujakemea, na kabla hujapima, muulize kwanza aliyeshika ngazi.