Ikisiri ya Pak Wiryanto

Pak Wiryanto, yaani Bwana Wiryanto, wa Yogyakarta, Indonesia, alikuwa na mvi kumzidi msimamizi wake, na bado akisomea udaktari, ule wa karatasi usiotibu hata mafua. Tasnifu yake kuhusu wazee walioachwa peke yao vijijini ilikwisha. Ilibaki ikisiri, ule ufupisho wa mbele, na chuoni kwao lazima itoshe ukurasa mmoja. Yake ilizidi kwa mstari.

“Pak, umebana pambizo tena?” Bu Hestiningsih, yaani Mama Hestiningsih, msimamizi wake, alipima kwa rula. “Unadhani macho yangu yako likizo?”

“Hakuna cha kukata, Bu.”

“Kipo. Huyu Mbah Tumirah ni nani?”

“Bibi wa kijijini aliyenilisha miaka yote ya utafiti; kila nikisoma ananikatiza, nimeshakula? Amefariki.”

“Mungu amrehemu. Lakini si tatizo, si mbinu, si matokeo. Mpeleke kwenye shukrani.”

“Shukrani nani anasoma, Bu?”

“Futa, Pak. Usinizeeshe.”

Akafuta. Ikisiri ikatosha. Alipofika chumba chake cha kupanga akaisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa safi, na hakutokea mtu wa kumkatiza amuulize kama ameshakula.