Maji ya Kumwogesha Micah

Kila Jepkorir alipopiga simu kutoka Gilgil akiuliza mbona sauti ya mama yake imechoka hivyo, Cheruto alisema ni presha kidogo, au ni vumbi, au ni kazi tu. Binti alikuwa na mimba kubwa, na Cheruto aliona si vizuri kumtwisha mjamzito hofu nyingine. Aliyejua ukweli ni Kemboi, mumewe, peke yake.

Ugonjwa ulimwanzia machoni. Alikuwa akipika chapati kwenye kibanda chake mtaa wa Bondeni, na kila jiko liliposhika moto sawasawa, jicho la kushoto liliingia ukungu. Akitoka nje kupunga upepo, ukungu unaondoka. Baadaye mguu ukaanza kuburuta. Mchana mmoja aliyumba akiwa na sahani ya maharagwe mkononi, na mteja akasema kwa sauti, "Mathe leo ameanza mapema!" Meza nzima ikacheka. Cheruto, ambaye alikuwa hajawahi kuonja hata pombe ya busaa, alijificha nyuma ya pazia akalia. Jumapili iliyofuata alikaa benchi ya mwisho kanisani, karibu na mlango, asije akapita mbele ya watu akipepesuka.

Kemboi alimpeleka hospitali, hospitali ikawatuma kwingine, mpaka wakafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Picha ya ubongo ilikuwa na madoadoa meupe. Daktari aliongea polepole.

"Unaitwa multiple sclerosis. Wengi wanasema MS tu. Kinga ya mwili wako imekosea njia, inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ni kama waya uliochunika: ujumbe unatoka kwa ubongo, lakini haufiki vizuri."

"Unapona?"

"Haijapatikana tiba ya kuumaliza. Lakini kuna dawa za kuupunguza kasi, na namna utakavyoishi nao ina uzito sana."

Cheruto akauliza. "Na binti yangu? Nimempa?"

Daktari alimwambia haurithiwi moja kwa moja hivyo, na kwamba wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati kamwe. Cheruto alilishika hilo neno "wengi", akarudi nalo nyumbani, likamnyima usingizi.

Aliacha chapati, kwa sababu joto lilimmaliza, akaanza kuuza matunda ya kukatwa. Asubuhi, kabla jua halijachoma, alitembea polepole kando ya ukuta wa mtaa, kisha akarudi kunyoosha miguu juu ya mkeka. Mchana alipumzika na kitambaa cha maji baridi shingoni. Siku njema zilikuwepo, nyingi tu. Lakini hata siku njema alijikagua: alijifinya vidole, alifunga jicho moja na kusoma kalenda ukutani, alijiuliza kama ganzi hii ni ile ya jana au ni mpya.

"Wacha kujipima kila saa, utajichosha bure," Kemboi alimwambia.

"Sawa," alijibu, kisha akaendelea kwa siri.

Jepkorir alipojifungua mtoto wa kiume, Micah, alikuja kukaa kwa mama yake apate nguvu, na hapo ndipo hofu ilipopata makao. Cheruto aliogopa kumshika mtoto asije akamwangusha. Leo alisema ana homa ya mafua, kesho mikono inanuka vitunguu. Alimtazama mjukuu akiwa mbali, kama mgeni.

"Mum, ni kama humtaki," Jepkorir alisema, macho yamejaa machozi.

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi iliyofuata alijitolea mwenyewe kumwogesha. Alimimina maji kwenye karai, akatumbukiza vidole, akahisi uvuguvugu tu. Akaridhika. Akamteremsha Micah majini, miguu kwanza.

Mtoto alipiga yowe ambalo Cheruto hakuwahi kulisikia. Jepkorir, aliyekuwa akiingia na taulo, aliona mvuke, akamnyakua.

"Mum! Maji ni moto! Hauskii?"

Kisigino kimoja kilikuwa chekundu. Walikimwagia maji baridi kwa muda mrefu, mpaka wekundu ukafifia na mtoto akanyamaza. Cheruto aliketi sakafuni.

"Sikuskia," alisema. "Vidole vyangu haviskii tena." Akamweleza yote, tangu ule ukungu wa jicho.

Jepkorir alimfunga mtoto kwenye taulo. Kisha akauliza, "Ulikuwa uniambie lini? Akishaungua?" Akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango.

Kemboi aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe pale pale jikoni. Alibisha mlango wa chumba, akaongea na binti yake kwa Kikalenjin, sauti ya chini. Jepkorir alitoka jioni, macho yamevimba.

"Na mimi, Mum? Nitaupata?"

"Daktari alisema huenda usiupate. Wengi hawaupati. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

"Basi uwe unaniambia hata usichojua."

Kesho yake Jepkorir alipima maji mwenyewe kwa kiwiko, akamwogesha mtoto. Kisha akamketisha mama yake kwenye godoro chini, mgongo ukutani, mito pande zote mbili, akamlaza Micah mapajani pake. Hakwenda mbali, alisimama mlangoni akijifanya anakunja nguo. Cheruto aliukazia macho mkono wake mwenyewe, akiogopa usije ukalegea. Ndipo mtoto akapiga chafya, naye akamtazama usoni kwa mara ya kwanza kwa karibu, zile nyusi nyembamba, ule mdomo wa Kemboi.

Wiki hiyo hiyo ganzi ilipanda hadi kwenye kiwiko. Alipoamka akaigundua, alimwita Jepkorir kabla hata ya chai. Walikwenda kliniki pamoja, mtoto mgongoni kwa Jepkorir. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamfumbisha macho na kumgusa vidole kimoja kimoja, akasema apigwe picha nyingine, pengine dawa ibadilishwe. Hakuahidi kitu.

Wakiwa kwenye benchi ya nje wakingoja Cheruto aitwe kupigwa picha, Jepkorir alimfungua Micah mgongoni, akasogea mpaka mabega yao yakagusana, akamlaza mtoto juu ya mapaja yao, mkono wake mwenyewe chini ya mkono wa Cheruto, wakimshikilia pamoja.