Zamu ya Twaha Mferejini

Mdogo wangu Twaha alipostaafu jeshini, miezi michache baada ya kutoka kulinda amani Kongo, tulimpokea hapa Magamba kwa pilau. Tulimwuliza ndege ikoje. Hakuna aliyemwuliza analalaje, na mimi dada yake najilaumu, maana nilikuwa namsikia akitoa amri usingizini.

Kwetu kiangazi maji ya mfereji ni ya zamu. Anayemaliza na anayefuata hukutana mferejini, wakaondoa pamoja kipande cha mgomba kinachoziba maji. Mtu hajifungulii. Asubuhi moja jirani yetu Nassoro alichoka kumngoja Twaha, akajifungulia.

"Simama! Jitambulishe!" Twaha akafoka alipomkuta.

Nassoro akacheka. Nani asingecheka? Twaha akampiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono. Alifungwa miaka miwili. Sikumtetea, na hata leo simtetei.

Huko gerezani mfungwa mwenzake, naye askari wa zamani, alimsumbua mpaka akakubali kuzungumza na muuguzi kuhusu Kongo. Alirudi Juni amekonda, lakini analala. Tatizo likawa maji, maana zamu yake ilifutwa alipofungwa. Bila zamu hakuna kabichi, na alikwishaniambia wakimkataa ataondoka, asirudi tena. Niliogopa kumpoteza mara ya pili.

Kikao cha kupanga zamu kilipokaa, Twaha alisimama mbele ya watu.

"Shikamoo, kaka Nassoro. Nilikukosea. Ukikataa, nitaelewa."

Nassoro aliitikia. Kisha akasema, "Aandikwe nyuma yangu."

Mwenyekiti, mzee Abubakari, alishtuka. "Nyuma yako? Kila Alhamisi mtakutana mferejini, ninyi wawili tu."

"Najua. Mgomba siuwezi tena kwa mkono mmoja. Aliyeuvunja mkono aje ainue mgomba yeye."

Nililia bila aibu.

Alhamisi ya kwanza nilijibanza kwenye maharage kuwachungulia. Umbea huo nauungama. Twaha alifika mapema, jembe ameliacha nyumbani. Akamwamkia Nassoro, kisha akasimama hatua kumi kutoka kwake, mikono ikining'inia, kama anayeogopa kuitumia.

Nassoro alimtazama weee, kisha akainama, akashika ncha moja ya mgomba kwa mkono wake mzima.

"Sogea bwana," akasema. "Maji hayafunguliwi kwa macho."

Twaha akasogea.