Fundi Mpya wa Kwato

Fundi mpya wa kwato hakuwa na haraka, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi mama mwenye farasi. Yule wa zamani alimaliza miguu yote minne huku akipiga soga. Huyu alimtembeza farasi uani, akaenda akarudi, kisha akabonyeza kila ukwato kwa kidole gumba kama mtu anayechagua tunda bivu sokoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, hujui anasema nawe au na farasi.

“Mama, hivi viatu vya chuma vinambana. Tumwache peku mpaka kwato zipanuke.”

“Peku! Na mkokoteni utauvuta wewe?”

Fundi alicheka kidogo, akatoa kisu, akaanza kuchonga ukwato. Mama alikwisha kata shauri: akimaliza leo, hapa harudi ng’o. Akampa mgongo, akainama kusugua ndoo.

“Mama, njoo uone.”

Damu ilikuwa imechungulia ukwatoni, tone dogo kama kichwa cha kiberiti. Farasi hakutikisa hata mkia. Fundi angeweza kulifuta na dunia isijue.

“Hapa nimepitiliza kisu. Kosa langu. Nitamtia dawa, lakini kesho asifanye kazi.”

Mama alilitazama lile tone. Farasi alipowahi kuchechemea, yule fundi wa zamani alisema, “Anadeka tu huyo,” naye mama akaamini, akashika mjeledi.

Aliigeuza ndoo, akaikalia.

“Haya, fundi. Yale ya viatu, hebu anza upya. Sikuwa nakusikiliza.”