Kitasa cha Dhahabu cha Shemeji

Mama Pazia alikitazama kitasa kipya mlangoni kwake kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji. Kiling'aa rangi ya dhahabu, mkono wake umepinda kama shingo ya bata, na maua yamechongwa pembeni. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alisimama kando akisubiri sifa.

"Sasa nyumba ina hadhi, shemeji."

Mama Pazia akasonya. Mwezi uliopita wezi waliusukuma mlango huohuo kwa bega, wakaondoka na majora ya mteja. Ilibidi auze cherehani ya pili ili alipe. Sasa sebule ilikuwa imejaa tena vitambaa, safari hii vya hoteli nzima, na cherehani iliyobaki ni ile anayoshonea. Akiibiwa tena, basi tena. Kosa lake lilikuwa kumtuma dukani mwanamume huyu, akidhani mtu anayekula na kulala bure kwake ataujali mlango wake.

"Hizi nini?" akauliza.

"Skrubu."

"Ziko ndani au nje?"

Shemeji akainama kuchungulia. "Nje. Lakini zimelingana na maua."

Mama Pazia akachukua kisu chake cha kufumulia mishono, akazizungusha skrubu akiwa amesimama barazani kama mwizi yeyote, na kitasa kikamdondokea mkononi, chepesi kama ganda la yai. Alipokikwaruza, dhahabu ikambandukia ukuchani. Akaufuta ukucha kwenye kanga, uso umemkunjamana kana kwamba amegusa kamasi.

Dukani, alikokirudisha kitasa, muuzaji alimpokea kwa tabasamu la kibiashara. "Huo ndio mtindo wa sasa, mama. Wakubwa wote wanao."

"Wakubwa wana walinzi." Akakipachika kwenye mlango wa maonyesho palepale kaunta, akakaza skrubu, kisha akaanza kukifungua tena kwa kile kisu. Wateja wakasogea.

"Mama, taratibu, watu wanaangalia!"

"Ndiyo nimekuja waangalie."

Akabaki anafunga na kufungua, bila haraka, mpaka muuzaji alipoacha kutabasamu na kuteremsha maboksi ya juu. Mama Pazia akavipima vitasa mkononi kimoja kimoja, akizungusha funguo sikio likiwa karibu, kama anavyoisikiliza cherehani. Vilivyokwaruza akavisukuma kando. Akachagua cha chuma cha kijivu: kizito, ulimi mrefu wa kuingia ndani kabisa ya fremu, skrubu zote upande wa ndani, mkono umenyooka kama pindo lililopigwa pasi. Uzuri aliutaka pia. Mteja wa mapazia huanza kumhukumu fundi mlangoni.

"Hicho bei yake iko juu," muuzaji akasema.

Mama Pazia akakiinua tena kile kisu, akaugeukia mlango wa maonyesho.

"Basi, basi! Tubadilishane, mama, uende."

"Pamoja na fundi wa kukifunga."

Fundi alipomaliza, Mama Pazia aliusukuma mlango kwa bega mara kadhaa. Haukutikisika. Shemeji akakunja pua. "Hakina mvuto. Haya, ufunguo wangu uko wapi?"

Alinyoosha kiganja. Kilikuwa bado na vumbi la dhahabu la kile kitasa chake, limeganda kwenye jasho. Mama Pazia alikitazama kwa kinyaa, akazifunga funguo zote kwenye pindo la kanga.

"Wewe utagonga," akasema, akaingia ndani kushona.